Miche Myeupe ya Kishamba cha Chini

Kila asubuhi binti yangu Anastazia anaamka kabla ya jogoo wa Mama Ngusa, jirani yetu. Anachukua ndoo na kushuka kisimani, kwa sababu pampu ya kijiji imeharibika huu mwaka wa pili, na kila kiongozi ukimuuliza anasema fundi yuko njiani. Akirudi anakoroga uji, anafagia uwanja, anatia madaftari yake kwenye mfuko na kwenda shule. Yuko darasa la sita. Mimi Magesa niliishia la nne, kwa hiyo mkikuta sentensi yangu imepinda, inyoosheni wenyewe muendelee kusoma.

Tunaishi wawili tu, katika kijiji kilichoko kati ya Butiama na ziwa. Mama yake Anastazia, Agness, alifariki miaka mitatu iliyopita. Gari la kumpeleka Musoma tuliliita saa mbili asubuhi, likafika saa tisa. Mpaka leo hakuna aliyenieleza lilikuwa wapi. Tangu siku hiyo mtu wa ofisi akiniambia neno, mimi kwanza silisadiki. Nawaambia mapema ili mjue moyo wangu ulivyokuwa siku nilipoiona ile miche.

Tuna mashamba mawili. La juu ni kubwa, ila upande mmoja limejaa mawe. La chini ni kishamba cha mistari kumi na miwili tu kando ya kijito, udongo wake mweusi na laini. Wiki ya pili baada ya kupanda mahindi ya vuli nilishuka kukiangalia kishamba hicho, nikakuta mche mweupe. Sisemi wa njano. Mweupe kama karatasi, una majani matatu, umesimama wima katikati ya wenzake wa kijani. Kando yake mwingine. Nikapita mstari kwa mstari nikihesabu. Arobaini na saba.

Nilijua wa kumlaumu. Mwaka huo nilikuwa nimenunua mbegu ya mfuko kutoka kwa Eliud, bwana shamba wetu, kijana aliyetoka chuoni juzi. Alikuwa amenisumbua mwezi mzima. "Mzee Magesa, hii ni ya kisasa. Wewe panda, halafu utaniambia." Mbegu hiyo huwa imepakwa dawa nyekundu ya kuzuia wadudu, hata ukiishika inakuchafua vidole. Kwa kuwa niliilipia, nilisema ndiyo itakayokaa kwenye kishamba cha chini, na itakayobaki iende shamba la juu. Mbegu yetu ya nyumbani, ya Agness, niliagiza ipandwe kwenye mawe. Mbegu ya Agness imezoea shida.

Siku yenyewe ya kupanda sikuwepo. Nilikwenda Musoma mjini kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha Anastazia, nikaambiwa mwenye muhuri hayupo. Mashimo nilikuwa nimeshachimba, nikamwachia mtoto afukie mbegu. Jioni nilimkuta amemaliza, miguu imejaa tope. Nikamsifu.

Basi nikamfuata Eliud ofisini.

"Ni upungufu wa mbolea, mzee," alisema, macho yake kwenye simu. "Weka ya kukuzia."

"Njoo uone kwanza."

"Wiki hii nina ripoti. Weka mbolea, utanishukuru."

Nikaweka mbolea. Ile ya kijani ikazidi ukijani, myeupe ikabaki myeupe. Nikaweka majivu. Nikamwagia maji ya samadi ya ng'ombe, nikanuka siku mbili. Hakuna kitu. Siku ya tano mche mmoja mweupe ukalala chini, na asubuhi iliyofuata ikalala sita. Nilisimama pale na jembe langu nikiona kama watu wote wenye ofisi wananicheka kwa pamoja.

Usiombe kuwa jirani yangu wiki ile. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema tumeuziwa mbegu mbovu, na watu wakanisikiliza, maana kila mmoja alikuwa na kinyongo chake na ofisi. Tukakubaliana tuandike barua wilayani, Eliud aondolewe. Ingesomwa kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi ya wiki ya pili yake, kisha watu watie sahihi. Mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye majivu, kwa hiyo nikamketisha Anastazia.

"Andika: Bwana shamba Eliud ametuuzia mbegu mbovu."

Akaandika.

"Andika: Mbegu zetu za asili hazijawahi kutoa mche mweupe hata mmoja."

Kalamu ikasimama. "Hata mmoja, baba?"

"Wewe andika. Unanihoji kama karani wa kata."

Akaandika polepole. Kisha akauliza, "Watamfanya nini bwana shamba?"

"Watamwondoa. Akawauzie wengine."

"Na kama si kosa lake?"

"Basi litakuwa la nani? La kwako?"

Akainamisha kichwa. Mimi nilidhani ni adabu.

Yaliyofuata shuleni niliyajua baadaye. Anastazia alimwendea Mwalimu Prudence, anayewafundisha sayansi, akamuuliza mahindi yakiota meupe yanaumwa nini. Mwalimu akasema hawezi kujua mpaka aone, akamwagiza alete punje za mbegu zote mbili. Za mfuko zilikuwa zimebaki kiganja kimoja. Za Agness nazo zilikuwepo, kwa sababu sisi hatupandi punje za kichwani wala za kitakoni mwa hindi, tunapanda zile za kiunoni tu. Zilizobaki Anastazia alikuwa amezifungia kwenye kopo la maziwa.

Walichukua mabeseni mawili, wakatia mchanga na udongo. Beseni moja punje arobaini za Agness, jingine punje arobaini nyekundu. Wakayafunika na maboksi, wakayaweka stoo, gizani kabisa, wakawa wanamwagilia tu. Siku ya nane, Alhamisi, walifunua. Mabeseni yote mawili yalikuwa na miche mirefu, dhaifu, iliyofifia. Hakukuwa na hata mmoja wa kijani.

Anastazia alifurahi. "Mwalimu, yote ni sawa. Basi ni giza tu."

"Ngoja," mwalimu akasema. "Mche uliokosa mwanga unakuwa haujaanza kazi. Ukiuonyesha jua, unaanza. Tuyaweke nje tuone nani ataanza na nani hataanza."

Ijumaa mchana walikwenda kuangalia. Beseni la mbegu nyekundu lilikuwa la kijani lote. Beseni la Agness lilikuwa la kijani pia, isipokuwa miche mitano. Hiyo mitano ilikuwa myeupe pe. Anastazia aliihesabu mara tatu, kama vile akihesabu vizuri itapungua.

"Umeona nini?" mwalimu akauliza.

"Nimeona ni ya mama."

Hapo akalia, na mwalimu alipomuuliza sababu akamweleza yote. Siku ile ya kupanda alikuwa ameshindwa kuiweka mbegu ya mama yake kwenye mawe. Alibadilisha. Mbegu ya Agness akaipa kishamba cha chini, ile ya mfuko akaitupia juu, mpaka kule kwenye mawe. Hakuniambia. Kisha miche ikatoka myeupe, baba akawaka moto, akaandikishwa barua. Kila siku aliyongoja, neno likawa zito zaidi.

"Kesho kwenye mkutano sitakusemea," Mwalimu Prudence alimwambia. "Ila mabeseni nitakubebea."

Jumamosi tulikutana katika darasa la nne. Watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Eliud alikaa mbele peke yake, kofia mkononi, na hakuna aliyemsogelea. Mama Ngusa alikuwepo. Masatu alikuwepo, mtu ambaye hata msibani hakosi la kuchekesha. Mimi nilisimama nikasema barua iko tayari, na kwa kuwa imeandikwa na binti yangu, ataisoma mwenyewe. Niseme ukweli, nilikuwa na majivuno.

Anastazia alisoma sentensi ya kwanza. Akafika kwenye ya pili, "Mbegu zetu za asili hazijawahi..." akanyamaza. Akaikunja barua.

"Wazazi wangu, naombeni mnisamehe," akasema. "Barua hii nimeiandika mimi, na ina uongo. Miche myeupe ni ya mbegu ya nyumbani kwetu. Mimi ndiye niliyebadilisha mbegu siku ya kupanda, baba hakujua. Bwana shamba hana kosa."

"Haya," Masatu akasema, "bwana shamba kashapata wakili mwenye sare ya shule."

Watu wakacheka. Anastazia hakucheka. Alitoa kwenye daftari lake mche mweupe uliokauka, aliouchimba shambani na mzizi wake. Ganda la punje lilikuwa bado limeng'ang'ania.

"Mbegu ya mfuko ina dawa nyekundu," akasema. "Hili ganda halina." Akampa Masatu.

Masatu aliligeuza, akalikwangua kwa ukucha, akampa mwenzake. Likazunguka darasa zima. Mwalimu Prudence akaweka mabeseni mawili mezani, akaeleza kwa maneno machache walichofanya. Kisha kila mtu akanitazama mimi.

Mdomoni nilikuwa na neno tayari. Nyamaza. Neno moja tu, na mtoto angekaa, barua ingeendelea. Wenye vinyongo walikuwa wengi mle ndani. Lakini nilimwona Anastazia bado amesimama peke yake mbele ya watu wote, na nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu.

"Mwaka jana," nikasema, "niliona mitatu myeupe. Ilikuwa ya mbegu ya Agness. Niling'oa asubuhi na mapema, nikaitupa kijitoni. Sikutaka mtu aseme mbegu ya mke wangu ina kasoro. Kwa hiyo ule uongo wa kwenye barua si wa mtoto. Mtoto aliniuliza, hata mmoja? Mimi nikamwambia andika."

Masatu akauchukua ule mche, akaurudisha mikononi mwa Anastazia.

Eliud akasimama. Nilidhani atanitukana, na ningenyamaza. "Mzee aliniita nikaone shamba," akasema. "Sikwenda. Ningekwenda siku ile ningechimba mche mmoja tu, ningeona punje haina dawa. Badala yake nikamtia hasara ya mbolea. Hilo ni langu."

Barua haikutiwa sahihi.

Mkutano ulipokwisha tulishuka kishambani: mimi, Anastazia, mwalimu, Eliud na Mama Ngusa. Miche myeupe iliyobaki ilikuwa tisa, imelegea. Nikawaambia wanieleze kama mtu wa darasa la nne.

"Ndani ya jani," Mwalimu Prudence akaanza, "kuna vijumba vidogo mno, huvioni kwa macho. Vinaitwa kloroplasti. Humo ndimo mmea unapopikia chakula chake kwa jua, na humo ndimo ulimo ukijani wote mnaouona. Sasa, mmea mchanga hauzaliwi na vijumba hivyo vikiwa tayari. Lazima vijengwe."

"Na nani?"

"Na mafundi wanaoitwa protini. Mmoja anatengeneza rangi ya kijani, mwingine anapanga kuta za ndani, mwingine anapokea mwanga. Wako wengi sana. Na kila fundi ana agizo lake la jinsi ya kutengenezwa, limeandikwa ndani ya mbegu. Agizo hilo ndilo tunaita jeni. Mwanga ukifika, mmea unasoma maagizo, unatoa mafundi, kazi inaanza. Ndiyo maana ile ya beseni ilibadilika kwa siku moja."

"Na hii myeupe?"

"Agizo moja limeharibika. Sijui ni lipi kati ya mengi, ila limeharibika. Fundi wake hapatikani, na kijumba hakikamiliki."

"Kama pampu yetu," nikasema. "Fundi yuko njiani."

Mwalimu alicheka kidogo. "Fundi wa pampu yupo mahali, mzee, hajaja tu. Huyu hayupo kabisa. Hata uweke mbolea lori zima, hatazaliwa."

Anastazia akauliza, "Sasa mbona iliota? Mbona iliishi wiki mbili?"

"Ilikuwa inakula akiba. Kila punje hufungiwa chakula na mama yake. Kikiisha, mche unatakiwa ujipikie. Huu hauwezi."

Anastazia akachuchumaa, akaugusa mmoja. Mimi nikatazama upande mwingine.

Eliud akaniuliza, "Mzee, kila mwaka unachagua mahindi mangapi ya mbegu?"

"Moja. Lililo kubwa kuliko yote."

"Moja tu?"

"La kwanza alilitundika Agness mwenyewe, uchagani, juu ya moshi. Alipofariki nikalipanda hilo. Nikavuna, nikachagua moja kubwa, nikalitundika pale pale. Na mwaka uliofuata hivyo hivyo."

Akatikisa kichwa, si kwa dharau. "Kila punje hupewa maagizo mara mbili. Seti moja inatoka kwenye hindi, ambalo ni mama. Seti nyingine inatoka kwenye unga wa mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mhindi, ambayo ni baba. Agizo likiwa bovu upande mmoja, la upande wa pili linatosha, na mche unakuwa wa kijani, huwezi kujua. Ubovu umejificha. Lakini ukipanda punje za hindi moja peke yake, hao wote ni ndugu. Wanapeana unga wao kwa wao. Bovu likikutana na bovu, ndiyo hii."

"Wameoana ndugu," Mama Ngusa akasema.

"Ndivyo."

"Hata sisi tunajua hilo," akasema. "Mtu haoi kwao. Shangazi zako wangekuchapa." Kisha akanigeukia. "Na mwenzio alikuwa anajua. Kila mavuno tulikuwaga tunakaa wanawake tisa, kila mtu na ungo wake, tunabadilishana mbegu. Alipoondoka nikaja kwako na ungo wangu. Uliniambiaje, Baba Anastazia?"

Nilimwambia mbegu ya mke wangu haitachanganywa na ya mtu. Nilisema hivyo, na nikafunga mlango.

"Kwa hiyo sasa niitupe?" nikauliza. Mjue kwamba nguo za Agness ndugu zake walishazigawana. Hiyo mbegu ndiyo iliyobaki mikononi mwangu.

"Usitupe," Eliud akasema. "Ioze ukoo mwingine, kama binti." Akaona sijaelewa. "Masika panda mstari mmoja wa mbegu yako, mstari mmoja wa mbegu ya watu wengine. Mistari yako ikitoa mbelewele, kata mbelewele zote kabla hazijamwaga unga. Mahindi yako yatapokea unga wa majirani. Halafu usichague hindi moja. Chagua hamsini, kutoka mimea hamsini. Na safari hii nitakuja mwenyewe kukata."

Mama Ngusa aliondoka bila kuaga. Tulidhani amechoka na maneno. Alirudi na ungo wenye mahindi manane yaliyokaushwa, ya njano, ya zambarau, na mawili yenye punje nyeupe kama za Agness.

"Haya mawili ni ukoo wa mbegu yake," akasema. "Alinipa mwaka wa mwisho, nami nimekuwa nikiyachanganya kila msimu. Chukua. Na ukifunga mlango tena nitapitia dirishani."

Anastazia akacheka, mara ya kwanza wiki hizo zote.

Jioni ile nilimwita. Nilimwambia atapalilia mistari ya mawe peke yake, kwa sababu alibadilisha kazi niliyompa bila kuniambia. Akaitikia. Kisha nikamwambia na lile jingine, na hili ndilo nawaambia ninyi mnaosoma. Kosa lake siku ya kwanza lilikuwa dogo, la mtoto anayempenda mama yake. Lilikua kwa sababu alilinyamazia. Langu lilikuwa miche mitatu tu, nikalitupa kijitoni, mwaka uliofuata likarudi arobaini na saba. Ubovu ukifichwa haufi. Unangoja mwenzake. Ukilitoa kosa nje mapema, linakuumiza wewe peke yako. Ukichelewa, linamwangukia mtu ambaye hana habari. Na kabla hujamtaja mkosaji, chimba kwanza uone mzizi.

Masika Eliud alikuja, mara mbili, na tope likamfika magotini. Tulipanda, tukakata mbelewele, na tulipovuna Anastazia alichagua mahindi hamsini. Vuli iliyofuata miche ilipotoka alipita mistari kumi na miwili akihesabu kwa sauti. Mimi nilisimama juu nikingoja.

"Myeupe mingapi?" nikamuuliza.

"Hakuna, baba."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Njoo uone mwenyewe."

Nilishuka nikaona mwenyewe.

Pampu ya kijiji bado haijatengenezwa. Lakini mwezi uliopita sikuanza kwa kulalamika. Nilikwenda na Masatu, tukafungua kifuniko, tukakuta bomba limepasuka, na kipande chenyewe hakizidi urefu wa mkono. Tukakipima. Jana usiku nilimketisha tena Anastazia na kalamu, tukaandika barua kwa viongozi. Tumetaja kipande, urefu wake, na tarehe ambayo kila mmoja wao alituahidi fundi. Aliponiuliza kila mstari kama nina uhakika, sikumwita karani. Nilimjibu mmoja mmoja, mpaka tukafika mwisho.